Mishipa midogo ya damu baada ya virusi: maswali ya wenye baridi yabisi, lupasi na skleroderma

Ukurasa huu ni wa watu wenye magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, ngozi na mishipa: baridi yabisi ya viungo, lupasi, skleroderma, dematomayositisi (uvimbe wa misuli na ngozi), vaskulaitisi (uvimbe wa mishipa ya damu) na mengine ya ukoo huo. Wengi wakishapona korona, dengi, chikungunya au mafua makali huulizwa habari za maungo na uchovu, na mazungumzo huishia hapo. Figo, mapafu na ncha za vidole hazipati wa kuziulizia, ilhali huko ndiko mishipa midogo inakoumia kimyakimya. Vipimo vya kwanza vya kuigundua hali hiyo ni vya bei nafuu: kijiti cha mkojo, mashine ya presha na jicho linalojua pa kutazama.

Ni hali zipi ambazo sipaswi kungoja siku ya kliniki?

Tunaanza na swali hili kwa makusudi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona ncha ya kidole imekuwa nyeusi, au imebaki nyeupe au ya buluu na inauma hata baada ya kuipasha joto. Vilevile kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, ukikohoa damu, au kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma. Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama au jicho moja kuingia giza ni dharura ya dakika, si ya saa. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, au uliopungua sana ingawa unakunywa maji, nao haungoji.

Mwenye skleroderma ana onyo lake la pekee: presha ikipanda ghafla kuvuka 140/90, au namba ya juu ikizidi kawaida yake kwa 30, pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu. Hiyo yaweza kuwa figo inaingia kwenye hatari kubwa, na dawa za presha za kundi la kaptoprili zikianza mapema huokoa figo. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ikizidi 15 mg kwa siku huongeza uwezekano wa hatari hiyo. Kwa hiyo mwenye skleroderma asijipandishie dozi mwenyewe kwa sababu tu maungo yanauma baada ya homa.

Kwa dengi, siku za kuogopa ni zile homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Watu hufurahi kwamba homa imeisha, kumbe ndipo maji ya damu yanapovuja nje ya mishipa. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu na kuishiwa nguvu ghafla ni dalili za kukimbilia hospitali.

Mishipa midogo ni ipi, na virusi vinaihusu vipi?

Midogo kuliko yote ni kapilari, yenye upana wa mikromita 5 hadi 10. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, kwa hiyo mara nyingi hulazimika kujikunja ili ipite. Ukuta wa kapilari ni tabaka moja tu la seli, liitwalo endothelia, na tabaka hilo lina kazi nyingi. Kwenye mishipa inayolisha kapilari hutoa naitriki oksaidi ya kuilegeza. Pia huzuia damu kuganda ovyo, huamua nini kitoke kwenda kwenye nyama za mwili na nini kibaki, na huita chembe za kinga pale zinapohitajika.

Virusi vingine huigusa endothelia moja kwa moja, lakini madhara mengi hutokana na mwitikio wa kinga yenyewe. Kemikali za uvimbe huzifanya seli hizo zivimbe, zinate, zivujishe maji na zivutie damu kuganda. Mwaka 2020 wataalamu wa Zurich, Uswisi, walionyesha uvimbe wa endothelia katika viungo kadhaa vya wagonjwa wa korona, na tangu hapo ugonjwa huo haujatazamwa tena kama wa mapafu peke yake. Virusi vya homa ya ini C vina njia nyingine: huweza kuzalisha protini zinazogandamana kwenye baridi, zikaziba na kuchoma mishipa midogo ya ngozi, neva na figo. Ndiyo sababu mtu mwenye vipele vyekundu miguuni na maumivu ya viungo hupimwa homa ya ini B na C kabla hajaambiwa ana vaskulaitisi isiyo na chanzo. VVU navyo vipimwe.

Jirani yangu aliugua virusi hivyo hivyo akapona. Kwa nini mimi niangaliwe zaidi?

Kwa sababu kuta za mishipa yako zilikuwa na kazi nzito kabla virusi havijafika. Kwenye lupasi, mikusanyiko ya kingamwili hunasa kwenye vichujio vya figo. Kwenye skleroderma kapilari hupanuka, hupasuka, kisha hupotea, na zilizopotea hazirudi kwa urahisi. Kwenye baridi yabisi ya viungo, uvimbe wa miaka huharakisha ugonjwa wa moyo na mishipa, kiasi kwamba miongozo ya Ulaya inashauri alama ya hatari ya moyo izidishwe kwa 1.5 kwa mgonjwa wa aina hii. Virusi vikija juu ya hayo, huweza kuamsha ugonjwa uliolala.

Dawa nazo zina sehemu yake. Mtu aliyesimamisha dawa zote wakati wa homa, akakaa mwezi mzima bila kuzirudia, mara nyingi hurudi kliniki na ugonjwa uliowaka, akidhani ni virusi vimebaki mwilini.

Kwenye ngozi nyeusi nitaonaje mabadiliko ya rangi?

Picha nyingi za mafunzo zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, na hilo limewachelewesha wengi. Tazama upande wa kiganja wa vidole, chini ya kucha, nyayo, na ndani ya midomo. Weupe wa kidole kisicho na damu huonekana vizuri zaidi kwenye ncha upande wa kiganja, na mara nyingi kuna mstari unaotenganisha sehemu iliyopauka na iliyo sawa. Tazama kwenye mwanga wa mchana na upige picha kwa simu, kwa sababu siku ya kliniki vidole vitakuwa vimerudi kawaida.

Kwa vipele, chukua glasi safi isiyo na rangi, bonyeza juu ya kipele na utazame kupitia glasi. Kikififia, damu bado iko ndani ya mshipa. Kisipofifia, damu imevuja nje, na hiyo ndiyo inayohitaji daktari. Kwenye ngozi nyeusi sana kipele cha damu huonekana kama doa jeusi au la zambarau, hivyo pitisha kidole juu yake pia: kipele cha vaskulaitisi mara nyingi huinuka kidogo, na huanzia miguuni chini ya magoti.

Tangu nipone, vidole vinakuwa vyeupe kisha vya buluu kwenye baridi. Je, ni Raynaud?

Huenda. Hali hii ilielezwa mwaka 1862 na daktari Mfaransa Maurice Raynaud. Mishipa midogo ya vidole hujikaza kupita kiasi kwa baridi au msongo: kidole hupauka, huwa cha buluu, kisha hurudi chekundu kikiwaka na kuchomachoma. Si kila mtu huziona rangi zote tatu.

Swali la maana ni kama Raynaud hiyo imekuja peke yake au imebebwa na ugonjwa mwingine. Inayokuja peke yake huanza ujanani, hushika mikono yote miwili kwa usawa, na haiachi vidonda. Ikianza baada ya miaka 30 au 40, ikiwa na maumivu makali, ikashika mkono mmoja zaidi ya mwingine, au ikaacha vidonda na vishimo kwenye ncha za vidole, tafuta ugonjwa ulioibeba. Baada ya chikungunya, baadhi ya watu hupata Raynaud ya muda katika mwezi wa pili au wa tatu, kisha ikaondoka. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa kinga, kusema "itaondoka" bila kupima mkojo, presha na kingamwili ni kubahatisha.

Hatua za nyumbani zinasaidia kuliko watu wanavyodhani, zikifanywa sawasawa. Pasha mwili mzima joto, si vidole tu, kwa maana kifua kikipoa mishipa ya mikono hujifunga hata ukiwa na glavu. Anayeishi Njombe, Makete au Limuru mwezi wa Juni na Julai avae kofia na nguo za tabaka mbili tatu. Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ambako nje kuna joto, mara nyingi huumizwa na kiyoyozi cha ofisini na friza, basi aombe kiti mbali na upepo wa mashine na atumie glavu anaposhika samaki wa barafu. Kidole kikishapauka, kiingize kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto: kidole kisicho na hisia huungua bila wewe kujua. Pima maji kwa kiwiko kwanza. Na usijipashe joto kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani gesi yake huua watu wakiwa usingizini.

Acha sigara, shisha na ugoro. Hapa hatuna kauli laini ya kutoa: nikotini hukaza mishipa ile ile tunayojaribu kuifungua.

Zikishindikana hizo, dawa ya kwanza ni nifedipini ya kutoa dawa polepole, kwa kawaida 20 mg mara moja au mbili kwa siku, au amlodipini 5 mg hadi 10 mg mara moja. Nifedipini ya kapsuli inayofanya kazi haraka, ile ya kuweka chini ya ulimi, isitumike, maana huangusha presha ghafla. Miguu kuvimba ni athari ya kawaida ya dawa hizi, lakini usiilaumu dawa kabla hujapima protini kwenye mkojo. Kwa wenye vidonda vya vidole, daktari bingwa anaweza kuongeza sildenafili, au dripu ya iloprosti pale inapopatikana.

Kipimo cha kapilari za ukucha kinafanywaje, na nijiandae vipi?

Kinaitwa kapilaroskopi, na hakina maumivu wala sindano. Mtaalamu huweka tone la mafuta kwenye ngozi iliyo kwenye mzizi wa ukucha, akaitazama kwa kamera inayokuza mara 200. Hutazamwa vidole vinane. Vidole gumba huachwa. Penye kamera hiyo haipatikani, dermatoskopu ya mkononi (lenzi ya kukagulia ngozi) huonyesha mabadiliko makubwa.

Matayarisho ndiyo yanayoharibu vipimo vingi. Usikate wala kusukuma ngozi ya mzizi wa ukucha kwa wiki mbili hadi nne kabla, kwa sababu jeraha dogo huacha damu inayofanana na ugonjwa. Ondoa rangi ya kucha. Hina na piko vinavyofunika ngozi hiyo huficha kapilari, kwa hiyo kama kuna harusi karibu, panga kipimo kitangulie. Usivute sigara wala kunywa kahawa siku hiyo, na ukae chumba chenye joto la kawaida kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza.

Mtu mzima mwenye afya huwa na kapilari 7 au zaidi kwa kila milimita, zimejipanga kama pini za nywele. Kapilari iliyopanuka kuvuka mikromita 50 huitwa jitu, na majitu pamoja na damu iliyovuja na mapengo ndiyo sura ya skleroderma. Katika vigezo vya mwaka 2013 vya kutambua skleroderma, kapilari zisizo za kawaida hupewa alama 2 na Raynaud alama 3, ambapo 9 hutosha kuuita ugonjwa kwa jina lake.

Baada ya korona, kapilari zinaweza kuonyesha vidoa vidogo vya damu iliyovuja na kupungua idadi, lakini hayo ni mabadiliko yasiyo maalumu. Ukiona majitu, usiyabebeshe virusi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata watu 586 wenye Raynaud: waliokuwa na kapilari mbaya pamoja na kingamwili za skleroderma, karibu 80 kati ya 100 walikuja kuugua ugonjwa huo, wasiokuwa na lolote kati ya hayo mawili, chini ya 2 kati ya 100. Hiyo ndiyo thamani ya kipimo hiki.

Nifanye vipimo gani, na lini?

Wiki ya nne hadi ya sita baada ya homa kuisha ni wakati mzuri wa kwanza, ikiwa huna dalili za hatari. Ukipima siku ya tano utapata kila kitu kimevurugika, na hutajua ni kipi cha virusi na kipi cha ugonjwa.

Mkojo ndio unaotangulia kwa umuhimu. Chukua mkojo wa asubuhi, wa katikati ya mkondo, na wanawake wasipime wakati wa hedhi. Kijiti kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Kukisoma dakika tano baadaye hutoa rangi ya uongo. Homa yenyewe na mazoezi makali huweza kupitisha protini kidogo kwa muda, kwa hiyo alama moja ya protini irudiwe baada ya wiki moja au mbili. Ikibaki, pima uwiano wa protini na kreatinini (taka ambayo figo huitoa). Kwa mwenye lupasi, uwiano wa 0.5 g kwa gramu au zaidi, ukirudiwa na kubaki hapo, humfanya daktari afikirie kuchukua kipande kidogo cha figo ili kikapimwe. Damu na protini vikionekana pamoja, usisubiri kurudia wiki mbili.

Presha ipimwe nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba. Kaa dakika tano umeegemea, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja. Tupa namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani wa 135/85 na kuendelea ni wa kujadiliwa na daktari.

Kwenye damu: hesabu kamili ya chembe, kreatinini, vimeng'enya vya ini, na CRP na ESR, ambavyo ni vipimo vya uvimbe mwilini. Kwa lupasi ongeza C3 na C4, ambazo ni protini za kinga, na kingamwili za DNA. Mwenye skleroderma au dematomayositisi anayekosa pumzi apimwe uwezo wa mapafu kupitisha gesi na afanyiwe ultrasaundi ya moyo, kwa sababu picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuwa safi huku mishipa midogo ya mapafu imeziba.

Nitajuaje kama ugonjwa wangu umeamka au ni mabaki ya virusi?

Hakuna kipimo kimoja kinachotenganisha, ila kuna mwelekeo. CRP hushuka haraka maambukizi yakiisha, ESR hukawia kwa wiki kadhaa. ESR ya 50 wiki ya tatu, CRP ikiwa imeshuka, isikutishe peke yake. Kwenye lupasi, kuamka kwa ugonjwa mara nyingi hupandisha CRP kidogo tu, huku C3 na C4 zikishuka na kingamwili za DNA zikipanda. CRP ikiwa juu sana kwa mwenye lupasi, tafuta maambukizi kwanza.

Chikungunya ndiyo inayodanganya zaidi kwetu. Virusi hivyo vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Huacha maumivu ya vifundo na vidole kwa miezi, yakifanana kabisa na baridi yabisi ya viungo. Usiongezewe dawa nzito za kinga kwa msingi wa maumivu pekee kabla kipimo cha chikungunya hakijafikiriwa.

Kipimo cha kingamwili za fosfolipidi kimetoka chanya. Nina ugonjwa wa damu kuganda?

Bado huwezi kuambiwa hivyo. Maambukizi mengi huamsha kingamwili hizi, ambazo huweza kuvutia damu kuganda, kwa muda, kisha zikapotea. Sharti ni kipimo kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi na kiwe chanya tena. Tumeona umuhimu wa kulisisitiza hili kwa sababu tangazo la kwanza la maabara huweza kumfunga mtu kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote isivyo haki.

Kinyume chake, aliyekuwa na ugonjwa huu kabla ya virusi asilegeze dawa. Warfarini hulenga INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ya 2 hadi 3 kwa wengi, na homa, antibayotiki na kutokula huivuruga, kwa hiyo pima INR ndani ya siku chache. Mwenye kingamwili zote tatu za fosfolipidi zinazopimwa zikiwa chanya asihamishiwe rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya urahisi, kwani huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Nikishikwa na homa, niache dawa zangu?

Zisiachwe zote kwa mkupuo. Haidroksiklorokwini huendelea. Dozi yake isizidi 5 mg kwa kilo ya uzito kwa siku: mwenye kilo 60 hupata wastani wa 300 mg, yaani kidonge cha 200 mg leo na viwili kesho. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa.

Prednisoloni haiachwi ghafla kamwe. Aliyetumia 5 mg au zaidi kila siku kwa wiki nne na kuendelea, tezi zake za adrenali huenda zimelala, na mwili wake hauwezi kujitengenezea homoni ya kupambana na homa. Mara nyingi daktari huongeza dozi kwa siku chache. Ukitapika kiasi cha kushindwa kumeza, unahitaji sindano ya haidrokotisoni, 100 mg kwa mtu mzima, si kesho.

Dawa za kupunguza kinga, yaani methotreksati, azathiopirini, leflunomidi na dawa za sindano za kibayolojia, kwa kawaida husimamishwa wakati wa maambukizi makali, na hurudishwa siku 7 hadi 14 baada ya dalili kuisha kwa ugonjwa mwepesi. Mwulize daktari wako tarehe ya kurudia na uiandike. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Dozi uliyokosa usiifidie kwa kumeza mbili.

Ukishuku dengi, acha diklofenaki na ibuprofeni mara moja hata kama huzimeza kila siku kwa ajili ya viungo, na utumie parasetamoli isiyozidi gramu 4 kwa siku. Aspirini ya 75 mg uliyoandikiwa kwa sababu ya kuganda kwa damu, mwulize daktari siku hiyo hiyo.

Ni dawa gani za dukani zinazoweza kuniumiza?

Dawa za mafua zenye sudoefedrini au fenilefrini hukausha pua kwa kukaza mishipa midogo. Kwa mwenye Raynaud, kidole kilichokuwa kikipauka kwa dakika tano kinaweza kupauka kwa saa nzima. Soma viambato, usisome jina la mbele tu. Propranololi na atenololi pia huweza kuzidisha Raynaud, kadhalika dawa za kipandauso zenye egotamini.

Ritonaviri, iliyomo kwenye dawa moja ya korona na kwenye baadhi ya mipangilio ya dawa za VVU, hupandisha nifedipini, amlodipini na sildenafili mwilini, presha ikaanguka. Ikikutana na kolchisini, dawa ya gauti, inaweza kuua. Antibayotiki ya klarithromisini ina tabia hiyo hiyo. Mwambie mfamasia dawa zote, hata zile unazoona aibu kuzitaja.

Oksimita yangu inaonyesha 85 lakini sijisikii vibaya. Niiamini?

Oksimita ni kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na kidole chenye Raynaud hakina damu ya kutosha ya kusomwa. Pasha mkono joto kwa dakika chache, ondoa rangi ya kucha na uchague kidole kisicho na hina nyeusi, tulia dakika moja, kisha soma namba iliyotulia. Jaribu kidole kingine. Hospitalini waombe kifaa cha sikioni au cha paji la uso. Kumbuka pia kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, kwa hiyo 94 inayoambatana na kukosa pumzi isikupe amani. Chini ya 94 iliyothibitishwa, nenda ukaonwe; chini ya 90 ni dharura.

Moyo unakwenda mbio nikisimama tu.

Lala dakika kumi, hesabu mapigo na upime presha. Simama bila kuegemea, pima tena dakika ya 2, ya 5 na ya 10. Mapigo yakipanda 30 au zaidi bila presha kushuka, hiyo ni hitilafu ya neva zinazoendesha mishipa, ambayo hutokea baada ya virusi. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20, angalia dawa za Raynaud na upungufu wa maji. Upungufu wa damu pia upimwe. Ushauri wa kuongeza chumvi unaosambaa mitandaoni usiufuate kama una ugonjwa wa figo au presha.

Mazoezi yanasaidia au yanaumiza?

Yanaisaidia endothelia, isipokuwa kwa mtu ambaye huzidiwa siku moja au mbili baada ya kujitahidi. Huyo asisukumwe. Anza na matembezi ya dakika 5 hadi 10 tambarare, uongeze tu kama siku mbili zilizofuata zilikuwa sawa.

Nimeambiwa nina mabonge madogo ya damu iliyoganda na ninaweza kusafishwa damu. Je, nilipe?

Hapana. Kuchuja damu, kumeza dawa tatu za kuzuia kuganda kwa pamoja, na vidonge vya natokinesi vinauzwa kwa bei kubwa bila ushahidi wa kutosha kwamba vinawaponya wenye dalili za muda mrefu baada ya korona. Mwenye ugonjwa wa kinga huwa na hatari za ziada za kutokwa damu: chembe sahani chache, prednisoloni, diklofenaki. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye chakula havina neno, ila vidonge na dozi nzito za unga wake na warfarini visikutane.

Na chanjo?

Chanjo zisizo na virusi hai, kama za mafua, korona na nimonia, zinafaa, ugonjwa ukiwa umetulia ndiyo bora zaidi. Aliye kwenye rituksimabu, mojawapo ya dawa za kibayolojia, huchanjwa wiki mbili hadi nne kabla ya dozi ijayo ili mwili uitikie. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai: anayetumia dawa kali za kupunguza kinga asichomwe kwa ajili ya safari tu, aombe cheti cha kitabibu cha msamaha.

Ninapanga kushika mimba.

Ugonjwa uwe umetulia miezi sita kwanza, ukihesabu tangu ulipoamka mara ya mwisho. Methotreksati na mikofenoleti, dawa nyingine ya kupunguza kinga, ziachwe mapema kwa mpango wa daktari. Kaptoprili na losatani nazo zibadilishwe kwa wakati atakaousema. Haidroksiklorokwini huendelea.

Nibebe nini siku ya kliniki?

Tarehe homa ilipoanza na ilipoisha, na kipimo cha virusi kama kilifanywa. Namba za presha za siku saba. Picha za vidole na vipele. Maboksi ya dawa zote, za hospitali na za dukani, pamoja na tarehe ulizozisimamisha na kuzirudia. Majibu ya mkojo na kreatinini ya kabla ya kuugua, hata yakiwa ya mwaka jana: kreatinini iliyotoka mikromoli 60 kwa lita ikafika 95 inaweza kuandikwa "kawaida" na maabara, na daktari asiye na namba ya zamani hatajua kwamba imepanda.